Maneno ya Siri ya Askari Yasiwe Mchezo

Katika kambi zetu bunduki huhesabiwa. Hutolewa kwa sahihi, hurudishwa kwa sahihi, na aipotezaye hujibu mashtaka. Lakini askari huyo huyo, asiyethubutu kumwachia rafiki silaha yake hata kwa dakika moja, humtajia rafiki huyo namba ya siri ya simu yake ili ampelekee mkewe fedha wakati mwenyewe yuko lindoni. Tena namba yenyewe mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa, ujulikanao na kikosi kizima. Sisi tunasema jambo hili halifai.

Hatari huzidi pale neno moja linapotumika kwa benki, kwa barua za intaneti na kwa fedha za simu, maana likiibwa pahala pamoja milango yote imefunguka. Hata hivyo hapana mtu awezaye kukariri maneno ishirini marefu, nasi hatumwombi askari miujiza. Ndiyo sababu zikaundwa programu za kuhifadhi maneno ya siri. Mwenyewe hukariri neno kuu moja tu. Mengine programu huyatunga na kuyafungia katika sanduku lililosimbwa, yaani maandishi yake yamegeuzwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo.

Lakini ichaguliwe programu ipi? Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika juu ya mafumbo ya kijeshi, alisema kwamba mtambo wenyewe uweze kuangukia mikononi mwa adui bila kuleta madhara. Siri iwe ufunguo tu. Kanuni hiyo ingali kipimo bora. Muuzaji anayejigamba kwamba njia yake ya kusimba haijulikani na yeyote, aachwe na bidhaa yake. Njia iitwayo AES, iliyokubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 2001 baada ya mashindano ya wazi, inajulikana na kila msomi wa fani hii, na bado inategemewa duniani kote.

KeePass, iliyoanza mwaka 2003, hutumia njia hiyo. Haina malipo, undani wake uko wazi kwa wakaguzi, na sanduku hukaa katika kifaa cha mwenyewe. Bitwarden nayo iko wazi, ila kwa kawaida sanduku lake huhifadhiwa na kampuni. Kwa askari atolewaye Kampala leo na kesho yuko Moroto, penye mtandao wa kubahatisha, twaona KeePass yamfaa zaidi, japo ina taabu yake: simu ikizama mtoni na nakala haipo, sanduku limekwenda. Basi nakala moja ibaki nyumbani kwenye flashi.

Sanduku likiibwa, kinga iliyobaki ni neno kuu. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za masanduku ya wateja wa LastPass. Maneno ya siri yalikuwa yamesimbwa, lakini mwenye neno kuu dhaifu alibaki hatarini, kwani mwizi aliye na sanduku ana muda wote wa kujaribu funguo. Neno hilo liwe maneno sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kura wala si kwa kupenda. Katika Vita Kuu ya Pili baadhi ya Wajerumani waliotumia mtambo wa Enigma walizoea kuchagua herufi za kurudiarudia au za jina la mchumba, na Waingereza wa Bletchley Park wakapenya kwa tundu hilo.

Tena chombo hakimlindi mzembe. Machi 2025 wakuu wa serikali ya Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwa Signal, ambayo husimba ujumbe toka simu hadi simu, na kwa makosa mhariri wa jarida la The Atlantic akaingizwa katika kundi lao. Usimbaji ulifanya kazi yake barabara, na mhariri akasoma yote.

Tunawaomba makamanda watenge saa moja ya mafunzo kwa jambo hili. Na liko moja ambalo askari hapendi kulitaja. Akianguka kazini, sanduku lake halitafunguka kwa machozi ya mjane. Neno kuu liandikwe, bahasha ifungwe kwa lakiri, akabidhiwe mke au mzazi kabla ya safari.