Mtoto mwenye maji kichwani si mtoto wa mchawi

Mwaka 2012 Shirika la MacArthur la Marekani lilimtunza Daktari Benjamin Warf. Katika hospitali ya Kikristo ya CURE, Mbale, Uganda, alianzisha namna ya kuwapasua watoto wenye maji kichwani bila kuwawekea mpira wa kudumu. Kwetu Beni na Butembo, utafiti wake mwingine ni mzito zaidi: wengi wa watoto wale waliugua kutokana na ambukizo. Si uchawi, wala dhambi ya mama. Nasi wachungaji tumewahi kunyamaza mama akisingiziwa hivyo.

Upasuaji haumalizi kazi. Mtoto hurudi kupimwa, huzoezwa kukaa na kutembea. Mashemasi wetu huchangia safari ya kwanza kupitia Kasindi. Ya pili husahauliwa.