Deni la Mwanafunzi kwa Chuo Chake

Ndugu msomaji, wako wasemao: chuo kikishindwa kujilisha na kife, kama duka lililofilisika. Haya ni maneno ya upotofu. Dukani ukisha lipa mmeachana. Elimu waondoka nayo, na deni lake haliishi.

Tazama Antioch, chuo cha Yellow Springs, jimbo la Ohio, Marekani. Kilianza kufundisha mwaka 1853. Humo alisoma Coretta Scott King. Mwaka 2008 wenye kukimiliki walikifunga, wakisema fedha hazitoshi. Je, waliosoma humo walikaa wakilia? La! Walichangishana, na mwaka 2009 wakaununua uwanja na majengo yake. Mwaka 2011 kikafunguliwa tena kwa wanafunzi 35.

Mwenye kucheka atacheka: thelathini na watano tu! Mnazi nao uliota kwa jani moja. Aibu si ya aliyejenga kidogo. Aibu ni ya mwenye shahada ukutani, ambaye chuo chake chaanguka naye apita kama hakijui.

Nawe msomaji, chuo kilichokufundisha alifu na bee, paa lake li hali gani leo?