Chimbuko la Mto Ganges

Wengi wajua ya kuwa mto Ganges ni mtakatifu kwa Wahindu, lakini ni wachache wajuao utokako.

Katika milima ya Himalaya, kaskazini ya India, liko hekalu la Gangotri, kimo cha mita 3,000 na zaidi. Hapo motokaa hukoma. Mwenye kutaka kufika chimbukoni hana budi kupata kibali, maana hawaruhusiwi watu zaidi ya 150 kwa siku; kisha huenda kwa miguu yapata kilometa 18, akilala njiani, Bhojbasa. Haifai kwenda mbio. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwenye haraka huumwa kichwa na kutapika, hata awe kijana mwenye nguvu. Akizidiwa, dawa ni kushuka.

Mwisho wa njia ni ukuta wa barafu, na chini yake maji hutoka kwa kishindo, rangi ya majivu. Hapo ndipo Gaumukh, yaani Kinywa cha Ng'ombe. Lakini kinywa hicho hakitulii. Tangu kilipopimwa mwaka 1935 kimerudi nyuma zaidi ya kilometa moja kwa kuyeyuka, hata hija ya mjukuu imekuwa ndefu kuliko ya babu yake. Mwaka 2016 kipande kikubwa kiliporomoka. Mahujaji wangali wakija, nao hujaza chupa zao maji yale wakarudi nayo makwao.