Kinyonga Si Kigeugeu

Kiswahili kimemwonea kinyonga. Anayebadili msimamo huitwa kinyonga, na mwenye kumwita hivyo huona amemaliza hoja. Dhuluma hiyo sasa imefika kwenye fizikia. Mwaka 2004 Justin Khoury na Amanda Weltman, mwanafizikia wa Afrika Kusini, walichapisha nadharia iliyopewa jina la mnyama huyo: ipo kani ya tano inayoongeza mvutano, lakini hujisitiri penye msongamano wa maada. Katika mfumo wa jua kanuni za Einstein huonekana timilifu. Katika utupu mkubwa baina ya galaksi, kani hiyo hujitokeza. Wabezaji, wahakiki wa fasihi wakiwemo, husema kwamba nadharia inayojificha inapopimwa ni uongo uliovaa joho la elimu.

Wabezaji hao na wasimame usiku kwenye roshani ya ghorofa yoyote ya Jumeirah Village Circle, Dubai. Majengo yamebanana, taa zimetanda, nyota zahesabika kwa vidole. Mlinzi wa zamu aliyekulia kijijini Afrika Mashariki hadhani kwamba nyota zimekufa. Anajua kuwa jangwa la Al Qudra haliko mbali. Mfano huu una mpaka: taa hulilemea jicho tu, ilhali uga wa kinyonga hubadilika wenyewe, masafa yake yakifupika kadiri maada inavyosongamana. Hata hivyo funzo ni moja: asiyeona hapa aulize patazamwe wapi.

Swali hilo hujibiwa na uigaji wa kompyuta. Kwa kuwa kani hii haiongezeki sambamba na maada, kompyuta hulazimika kuukokotoa uga upya katika kila sehemu ya ulimwengu wa kuigwa, hatua kwa hatua. Anayerahisisha milinganyo ili kuokoa muda huweza kuifuta sitara yenyewe, kisha akailaumu nadharia kwa jambo isilolisema. Kazi ikifanywa kwa uaminifu, huzaa ahadi zenye tarakimu: katika kundi la nadharia liitwalo f(R), pasipo sitara mvutano huzidi kwa theluthi moja, na tofauti hiyo huacha alama katika idadi ya vishada vya galaksi na katika umbo la utupu. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inachora ramani ya galaksi ambayo itazipima ahadi kama hizo.

Na nadharia za kurekebisha mvutano hufa. Tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya mvutano na miali ya gama kutoka nyota mbili za neutroni zilizogongana vilifika duniani vikipishana kwa sekunde zisizotimia 2, baada ya safari ya miaka-nuru takriban milioni 130. Nadharia nyingi zilizodai kwamba kasi zao zinatofautiana zilizikwa kwa kipimo hicho kimoja.

Kigeugeu ni yule asiyesema mapema atageukia wapi. Kinyonga wa fizikia ametaja mahali, kiasi na sharti la kushindwa kwake. Ni wahakiki wangapi wanaombeza waliowahi kuziandikia hoja zao sharti kama hilo?