Nyumba ya mimea isiwe ya kupigia picha

Wafanyakazi wenzetu, wamama na wapapa wa mu makambi na wa mu cité,

Kila mwaka jambo ni lile lile. Mvua inaanza, majani mabichi pote, lakini nyanya zinapotea ku soko. Kwa feza ile ile yenye ilileta mafungu matatu mu mwezi wa munane, mama anapata fungu moja mu mwezi wa kwanza, na ndani yake mbili zimeoza. Mutu wa mbali atashangaa: namna gani mvua inaleta upungufu wa mboga? Sisi tunajua. Majani yakilowa siku tatu mfululizo, ugonjwa wenye wanaita mildiou unaingia, matunda yanakuwa kahawia, na kwa juma moja shamba limekwisha. Kisha tunangojea malori ya Kasumbalesa, na bei si yetu tena.

Ndiyo maana siku hizi tunasikia sana habari ya serre, ndiyo nyumba ya mimea. Ni nyumba ya plastiki yenye kupitisha mwangaza na kuzuia mvua. Majani yanabaki makavu, maji yanapita chini kwa mipira yenye matundu madogo, tone kwa tone. Mu mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya usiku inafanya nyanya ikatae kuzaa, ile nyumba inashika joto kidogo. Na tena, kwetu sisi wa njia za malori ya mugodi, inazuia vumbi isikae juu ya lengalenga yenye watoto watakula.

Basi, sisi wa sendika hatupingi serre. Tunapinga serre ya kupigia picha.

Tunasema hivi kwa sababu tuliona. Kulikuwa kampani moja, jina tunaliacha, iliyojengea wamama nyumba kama hiyo. Walikuja wakubwa, wakakata utepe, wakapiga picha, wakaenda. Nguzo zilikuwa miti mibichi, na munajua mchwa wa Katanga: hawangojei mwaka wa pili. Plastiki ilikuwa ile ya kufunikia muzigo. Jua la kiangazi likaikausha mupaka ikawa kama karatasi. Upepo wa kwanza wa mwezi wa kumi ukaipasua yote. Leo zimebaki miti minne, na wamama wanaanikia nguo pale. Lakini mu raporo ya kampani, ile serre ingali inazaa.

Nyumba ya kudumu ni kitu kingine. Nguzo ni bomba za chuma zenye kupakwa zinki, zisiliwe na kutu, na miguu yao imesimikwa mu beto. Plastiki yake imetengenezwa kwa kuvumilia jua: ikiwa na unene wa mikroni 200, inaweza kufika miaka mitatu ao minne, kisha inabadilishwa. Pande zote zinafunguka, na zina wavu wa kuzuia wadudu, kwa sababu nyumba yenye kufungwa kabisa saa sita ya mwezi wa kumi inapika mimea: joto likipita digri 35, maua ya nyanya yanaanguka bila kuzaa. Tena nyuki hawapiti wavu. Asubuhi mutu lazima atikise kamba zenye kushikilia nyanya, ili unga wa maua uanguke. Kazi ndogo, lakini kama hakuna mutu alifundisha wamama, watasema ni uchawi.

Na maji? Tupige hesabu pamoja. Nyumba ya mita 8 kwa 30 inaingiza miche karibu 500 ya nyanya. Muche mumoja mukubwa unakunywa litre mbili kwa siku. Ni litre 1.000 kila siku. Tanki ya litre 10.000 yenye kujazwa na mvua ya ku paa inakwisha siku kumi, na kiangazi chetu kinapita miezi mitano. Basi kampani yenye kuleta plastiki bila kuchimba kisima na kuweka pompi, imeleta nusu ya nyumba.

Sasa tufike ku jambo lenye wengi hawapendi kusema. Udongo wetu una ugonjwa. Mu mwaka wa 2009, wataalamu wa Université de Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mukojo wa wakaaji wa Katanga. Wale wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na cobalt nyingi sana, pamoja na madini mengine. Plastiki inazuia vumbi la juu, haiwezi kusafisha udongo wa chini wala maji ya muto yenye kupita ku kiwanda. Kwa hiyo udongo na maji vipimwe kwanza, na karatasi ya matokeo ibandikwe mahali kila mutu ataisoma. Pakiwa na sumu, walime mu mifuko yenye udongo mwema wa kutoka mbali na mbolea ya kuozesha. Inawezekana. Lakini anayeanza kwa kujenga na kupima baadaye, anatulisha kile tunachotapika ku kazi.

Feza iko wapi? Iko mu sheria. Code minier yenye kugeuzwa mu mwaka wa 2018 inadai kampani itoe kila mwaka asilimia 0,3 ya mauzo yake, siyo ya faida, kwa maendeleo ya jamii zenye mugodi unagusa. Kampani ikiuza kwa dola miliare moja, sehemu ile ni dola milioni tatu. Siyo zawadi, wala huruma ya mukubwa. Kila wakati kampani inasema «tumewapa serre», tuulize: kwa mufuko gani? Ikiwa ni ile 0,3, basi mumelipa deni. Tuambiane pia bei yake ni ngapi, na nani aliuza ile plastiki.

Kisha, nyanya zikizaa, nani atanunua? Mu migodi yetu watu maelfu wanakula kila siku ku kantini. Tunaomba kampani iandike mukataba na ushirika wa wamama: kilo hizi kwa juma, bei hii, malipo kila mwisho wa mwezi. Mugodi wenye kushindwa kununua nyanya ya mulango wake, usijisifu juu ya maendeleo.

Wandugu wamoja wanatuuliza: sendika inatafuta nini mu mambo ya nyanya? Kazi yenu ni mushahara. Swali ni zuri. Tunajibu kwa ile yenye wazee wetu waliona. Zamani walikuwa na posho, unga ulikuwa unafika kila mwezi, kazi na chakula vilitoka mukono mumoja. Siku ule mukono ulilegea, vyote viwili vilianguka pamoja. Mu mwaka wa 2003, zaidi ya watu 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile «départ volontaire», na wengi walirudi ku nyumba yenye haikuwa na mushahara wala shamba. Nyumba ya mimea yenye kuwa mali ya kampani ni posho ya pili. Yenye kuwa mali ya familia, na karatasi zake, ni ukuta wa nyuma siku mugodi unafungwa.

Lakini tuangalie mutego. Kuna wakubwa watakuja ku meza ya mazungumzo na kusema: tumewajengea serre, basi mushahara ungojee. Hapana. Nyanya hailipi masomo ya mutoto. Nyanya haitibu mapafu. Yale mambo mawili yana meza mbili.

Basi tunaomba mane: udongo na maji vipimwe mbele, nyumba ijengwe kwa chuma, na feza ya plastiki ya kubadilisha iwekwe tangu mwanzo, karatasi ziandikwe ku jina la ushirika wa wamama, na kantini inunue. Ku mukutano wa delege wenye kuja, tutapeleka haya yote kwa maandishi. Mama mwenye aliona serre ya kwanza ikipasuka, aje atoe ushuhuda. Na ile miti minne, wasiing'oe. Tunataka wakubwa waione mbele ya kukata utepe mwingine.