Kijana wa Kijiweni na Mlango wa Kituo cha Polisi

Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, vijana wasio na kazi walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kwa nguvu. Mwaka 2022, makundi yaliyoitwa Panya Road yalipoua na kujeruhi raia, msako ukarudi. Sitetei panga, raia anastahili ulinzi. Ninachokipinga ni fikra iliyodumu miaka yote hiyo: kwamba kijana aliye nje ya shule na nje ya ajira ni mhalifu anayeingojea siku yake.

Ukatili anaoutenda kijana huyu tunautangaza. Ule aliotendewa tunaunyamazia, ilhali ushahidi tunao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya watoto wetu hufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hufanyiwa ukatili wa kingono. Majeraha hayo hayaponi kwa kuacha shule. Hugeuka kukosa usingizi, hasira za ghafla na ganzi ya moyo, na wengi huyatibu kwa bangi na gongo.

Mwanafunzi walau ana mwalimu wa ushauri nasaha. Mwajiriwa ana bima. Kijana wa kijiweni ana nani? Dola humjia ikiwa imevaa sare ya askari. Akijaribu kujiua, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamwita mkosaji. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kosa la namna hiyo linakiuka Katiba ya nchi hiyo. Na kuhusu kuwakamata watu kwa uzururaji, Mahakama ya Afrika, iliyopo hapa hapa Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kuwa sheria hizo zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tumeipa mahakama hiyo makao. Tungeipa na masikio.

Wapo watakaosema: mpeni kazi kwanza, mengine ni anasa. Lakini asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya vijana hukopeshwa vikundi. Asiyelala usiku, anayeshtuka kila mlango unapobamizwa, atadumuje katika kikundi na kurejesha mkopo? Tiba ni sehemu ya mtaji.

Ninayoyadai hayahitaji majengo mapya. Kifungu cha 217 kifutwe. Kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii anayekwenda kijiweni mchana, bila askari pembeni. Zahanati zitoe ushauri nasaha bila kuuliza kitambulisho cha shule wala kadi ya bima.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, bajeti za halmashauri mnaziandaa ninyi. Andikeni humo mlango wa pili kwa kijana huyu, kabla hatujamlaumu tena kwa kuingia katika ule mmoja tuliomwachia.