Mabao 21 hayakupima uwezo wa wasichana wa Samoa

Tarehe 9 Oktoba mwaka wa 1998, katika jiji la Auckland, timu ya taifa ya wanawake ya Samoa ilifungwa na wenyeji wake, New Zealand, mabao 21 kwa nunge. Siku iyo hiyo, katika mashindano yayo hayo ya kuwania ubingwa wa Oceania, majirani zao wa Samoa ya Marekani walifungwa na Australia idadi iyo hiyo ya mabao. Mechi ya kandanda huchukua dakika 90. Mabao 21 ni sawa na bao moja kila baada ya dakika nne na ushei. Mlinda lango aliyesimama baina ya milingoti siku hiyo hakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Matokeo ya namna hii aghalabu huzua kicheko, na kicheko hicho huzaa hukumu mbili. Hukumu ya kwanza ni kwamba mataifa madogo hayana haja ya kujitia katika mashindano ya wakubwa. Ya pili, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba kandanda si mchezo wa wanawake. Twazipinga hukumu zote mbili. Mabao yale 21 hayakupima uwezo wa wasichana wa Samoa. Yalipima fursa waliyokuwa wamenyimwa, na mambo yaliyotukia katika miaka 21 iliyofuata ni ushahidi wa kutosha.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Wakenya wengi hulifahamu jina la Samoa kutokana na mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, ambamo vijana wetu wamepambana na Wasamoa mara nyingi. Samoa ni taifa la visiwa katika Bahari ya Pasifiki, na visiwa vyake vikubwa ni Upolu, uliko mji mkuu wa Apia, na Savai'i. Ilijinyakulia uhuru kutoka kwa New Zealand tarehe 1 Januari 1962, na hadi mwaka wa 1997 ikijulikana kama Samoa Magharibi. Sensa yake ya mwaka wa 2021 ilihesabu watu wapatao 205,000. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wakazi wa Kaunti ya Isiolo, ambao katika sensa yetu ya mwaka wa 2019 walikuwa 268,002.

Hata hivyo, uchache huo wa watu haukuwahi kuizuia Samoa kutamba katika raga. Itakumbukwa kwamba katika Kombe la Dunia la mwaka wa 1991, wanaume wa Samoa Magharibi waliishinda Wales kwa alama 16 kwa 13 mjini Cardiff, mbele ya mashabiki wa Wales wenyewe, na wakasonga mbele hadi robo fainali. Siri ya ushindi huo haikuwa uchawi. Mvulana wa Samoa huanza kuushika mpira wa raga angali mdogo katika uwanja wa kijiji, ule wanaouita malae. Vijiji hushindana, shule hushindana, na wazee huketi kando kutazama. Kufikia umri wa kuivaa jezi ya taifa, kijana huyo amekwisha kucheza mamia ya mechi. Ni dhahiri basi kwamba udogo wa nchi si hoja. Hoja ni nani aliyepewa uwanja na nani aliyeambiwa asimame kando.

Katika kandanda, waliosimama kando walikuwa wanawake. Soka ya wanaume ilikuwamo katika Michezo ya Pasifiki tangu michezo hiyo ilipoanzishwa mwaka wa 1963. Soka ya wanawake iliingizwa mwaka wa 2003 huko Suva, Fiji. Hiyo ni miaka 40 kamili. Msichana aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa mtu mzima wa miaka 40 mlango ulipofunguliwa, na siku zake za kucheza zilikuwa zimekwisha kupita.

Sasa tuirejelee ile mechi ya Auckland. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya kwanza ya kimataifa katika historia ya timu ya wanawake ya Samoa. New Zealand, kwa upande wake, ilikuwa imecheza tangu mwaka wa 1975, iliponyakua ubingwa wa mashindano ya Asia huko Hong Kong, na ilikuwa imeshiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanawake nchini China mwaka wa 1991. Timu moja ilikuwa na tajiriba ya miaka 23. Nyingine ilikuwa na siku moja. Mwalimu gani angempa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa kidato cha nne, kisha atangaze kwamba mtoto huyo hana akili?

Wale wanaodai kwamba kichapo kile kilitokana na jinsia ya wachezaji wajiulize swali moja. Tarehe 11 Aprili 2001, huko Coffs Harbour, Australia iliifunga Samoa ya Marekani mabao 31 kwa nunge katika mchujo wa Kombe la Dunia. Waliofungwa siku hiyo walikuwa wanaume. Hatujapata kumsikia yeyote akisema kwamba kwa sababu hiyo wanaume waache kandanda wakapike. Badala yake, timu hiyo ilivumilia, na tarehe 22 Novemba 2011 ikaishinda Tonga mabao mawili kwa moja mjini Apia. Ulimwengu uliipigia makofi kwa ujasiri wake. Iweje basi kushindwa kwa mwanamume kuitwe ujasiri, na kushindwa kwa mwanamke kuitwe ushahidi kwamba hafai?

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wasichana wa Samoa walirudi uwanjani. Mwaka wa 2003 walikwenda Canberra, Australia, katika mashindano ya Oceania, na huko pia wakafungwa mabao mengi. Walirudi tena. Mwaka wa 2019 Michezo ya Pasifiki ilifanyika Apia kwao nyumbani, baada ya Tonga kujiondoa kama mwenyeji mwaka wa 2017. Samoa ilifika fainali ya soka ya wanawake na kukutana na Papua New Guinea, nchi yenye watu wengi mno kuliko Samoa, ambayo ilikuwa imeitwaa dhahabu katika kila michezo tangu mwaka ule wa 2003. Papua New Guinea ilishinda mabao matatu kwa moja, na Samoa ikapata nishani ya fedha. Mcheza kwao hutunzwa, na wenyeji hao walistahili kutunzwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2022, Samoa ilifika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Oceania huko Suva.

Hatutaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Pengo lingalipo. Mnamo Februari 2024, Apia iliandaa mashindano ya kufuzu kwa Olimpiki ya Paris, na katika fainali New Zealand iliifunga timu ya Visiwa vya Solomon mabao 11 kwa nunge. Wachezaji wa Solomon walikuwa wamejishindia nafasi ya kucheza fainali kwa jasho lao, lakini walipokutana na taifa lenye ligi, viwanja na wachezaji wa kulipwa, tofauti ilionekana. Fainali hiyo haibatilishi hoja yetu. Yatuonyesha kwamba nishani moja haiwezi kuziba pengo lililochimbwa kwa miongo kadhaa.

Pengo hilo lina sababu zinazojulikana. Kubwa miongoni mwazo ni uhaba wa mechi. Visiwa vya Pasifiki vimetenganishwa na maji mengi, na timu haiwezi kupanda basi alfajiri ikacheze na jirani na kurudi jioni. Kila mechi ya ugenini ni tiketi za ndege za kikosi kizima. Matokeo yake ni kwamba timu za wanawake za visiwa hivyo zimezoea kukutana kwa wiki mbili za mashindano, kisha kutawanyika kwa muda mrefu bila mchezo wowote wa kimataifa. Kwa miaka mingi, kanuni za FIFA ziliiondoa katika orodha ya ubora timu yoyote ya wanawake iliyokaa zaidi ya miezi 18 bila kucheza. Yaani timu iliyokosa nauli ilihesabiwa kama timu isiyokuwapo.

Sababu nyingine ni kwamba kikosi cha Samoa hutegemea sana wachezaji waliozaliwa au kulelewa New Zealand, Australia na Marekani. Wapo wanaolalamika kwamba hao si Wasamoa halisi. Lalamiko hilo halina msingi. Wazazi wao walivuka bahari kutafuta riziki, na mtoto hapotezi nchi ya mababu zake kwa kuwa amezaliwa ng'ambo. Hata hivyo, ipo hatari ya kweli. Shirikisho likiridhika na wachezaji waliokwisha kufunzwa na wengine, laweza kumsahau msichana wa Savai'i anayepiga mpira pekupeku na ambaye hana mtu wa kumwonyesha namna ya kuutuliza. Timu ya taifa hupata nguvu kutoka ng'ambo, lakini mizizi yake haina budi kuwa nyumbani.

Pamoja na hayo, wapo watakaouliza kama juhudi hizi zina faida ikiwa New Zealand itashinda daima. Jibu li katika historia ya New Zealand yenyewe. Timu hiyo iliyoifunga Samoa mabao 21 ilishiriki Kombe la Dunia mwaka wa 1991, 2007, 2011, 2015 na 2019. Katika mashindano hayo matano ilicheza mechi 15, na haikushinda hata moja. Hakuna aliyewaambia wanawake wa New Zealand wabaki nyumbani. Waliendelea kupewa makocha, mechi na nauli, hadi tarehe 20 Julai 2023, katika uwanja wa Eden Park mjini Auckland, walipoishinda Norway bao moja kwa nunge. Walingojea miaka 32. Subira waliyopewa wao ndiyo tunayoidai kwa niaba ya Samoa.

Kwa hivyo twasema hivi. FIFA na Shirikisho la Soka la Oceania hazina budi kuhakikisha kwamba kila timu ya wanawake ya Pasifiki inapata mechi za kimataifa kila mwaka, na kugharamia safari hizo badala ya kungoja mashindano makubwa. Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Oceania, iliyoanzishwa mwaka wa 2023, ni hatua njema kwa kuwa huvipa vilabu sababu ya kufanya mazoezi. Lakini klabu moja kutoka kila nchi ni chembe tu ya mahitaji. Nalo shirikisho la Samoa lina wajibu wa kuzipa shule na vijiji mipira, waamuzi na ratiba, na kuwaomba wazee wa vijiji wawagawie wasichana saa kadhaa za jioni katika malae, ule uwanja uliowalea mabingwa wa raga.

Tungependa pia walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii walitafakari jambo hili, kwa sababu wao huishi miongoni mwa alama na matokeo. Tarakimu haisemi uongo, lakini haisemi yote. Anayeisoma sharti aulize ilipatikana vipi: nani alijiandaa kwa miaka mingapi, nani alikuwa na vifaa, na nani aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza maishani. Mwanafunzi anayezoea kuuliza maswali hayo hatamcheka aliyeshindwa kabla ya kujua alikotoka. Na mwalimu anayeyauliza hatalifuta jina la msichana katika orodha ya timu kwa sababu ya siku moja mbaya.

Wanawake 11 walioingia uwanjani Auckland mwaka ule wa 1998 hawakutia goli hata moja. Walichofanya ni kuanza. Lau wangalikataa kucheza kwa kuogopa aibu, kusingalikuwa na timu ya kufika fainali mjini Apia mwaka wa 2019. Bao lile moja dhidi ya Papua New Guinea lilifungwa mbele ya umati wa nyumbani, na wasichana wa Samoa walioliona wamekwisha kujua kwamba uwanja ni wao pia. Kilichobaki ni wakubwa kuwapa mechi za kucheza.